Rilei Iliyokataa Kuachia

Nyemo binti yangu,

Umekwenda Area D kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala. Jua bado lipo. Nimekaa kwenye meza hii uliyokuwa ukifanyia kazi zako, na begi lako liko pale mlangoni limeshafungwa. Mambo ya blanketi, ya kufunga chumba vizuri, ya kutokula ovyo njiani, shangazi yako atakuwa anakueleza muda huu huu, tena anayajua kuliko mimi. Sitayarudia. Nataka tuzungumze kuhusu mashine yako ya kuangulia mayai.

Tangu siku ile ulipokipasua kile kidude cha buluu kwa kisu, hatujaitaja tena. Uliniambia neno moja, nikakosa la kukujibu, na baada ya hapo tukawa tunapishana humu ndani kama wapangaji. Mimi ni dereva, nimezoea kwenda mwendo mrefu bila kusema kitu. Ukimya wa kwenye lori haumdhuru mtu. Huu wa nyumbani nimeuona ulivyokukondesha. Kesho asubuhi unapanda basi la Mbeya, na nisipoandika leo utaondoka bila jibu langu.

Nianzie kwa mama yako, maana mashine ilianza kwa ajili yake.

Hujawahi kusikia alivyoingia na kuku wake humu Nzuguni. Alitoka nao kwao Kondoa ndani ya tenga, mitetea wawili na jogoo, wote vishingo, shingo tupu bila unyoya. Nikamtania njiani, nikamwuliza kama kwao kuku wananyonyolewa kabla ya kuchinjwa. Alininunia mpaka tukapita Chemba. Kuku wote uliowakuta ukiwa mtoto ni uzao wa hao watatu. Kila msimu alikuwa anawakamata mmoja mmoja na kuwadondoshea chanjo ya kideri machoni, wewe ukimshikia mabawa.

Ugonjwa ulipomlaza, akawa hawezi tena kwenda bandani. Ndipo wewe ulipoleta lile friji bovu na kuliweka sebuleni, usawa wa mlango wa chumba chake, ili aone. Ulitia ndani globu mbili za kuleta joto, feni ya kompyuta ya zamani, kipima joto cha waya, na kile kibao cha saketi ulichokiandikia programu mwenyewe. Na ile rilei. Mimi rilei nilikuwa naijua ya kwenye lori, ya taa kubwa na honi. Yako ilikuwa ndogo kuliko kiberiti, nikakuuliza kama itaweza kazi.

Mama yako aliposikia inalia mara ya kwanza alishtuka. "Nini hicho kinagonga?"

"Ni swichi, mama," ukamwambia. "Inabonyezwa na umeme badala ya kidole. Joto likishuka inawasha taa, likipanda inazima. Ndiyo unasikia inasema ta."

"Basi iache iseme. Mkiondoka wote nyumba hii inakuwa kimya mno."

Vifaranga wa kwanza walipoanguliwa, ulimwekea mmoja kiganjani akiwa bado na majimaji. Alimgeuza, akamtazama shingo. "Huyu ni wa kwetu," akasema. Sikumwona akicheka vile tena baada ya siku hiyo.

Tulimzika mvua zilipokwisha. Na mimi nikarudi barabarani mapema mno. Watu walikuwa bado wanakuja kutoa pole, mimi niko Singida. Nikirudi, silali siku mbili, nimeshapata mzigo wa Nzega. Kwenye lori hakuna kitanda chake wala kikombe chake cha uji, na hilo nililiona ni nafuu. Sikufikiria kwamba kila nilipoondoka nilikuwa nakuachia wewe kitanda na kikombe. Ulikuwa umetoka tu kumaliza kidato cha sita. Ulipaswa kulala mpaka jua liwe juu kama wenzako.

Katika hayo yote, hakuna aliyekumbuka chanjo. Si mimi, si wewe. Kideri kilipoingia mtaa wetu kilikuta banda zima liko wazi. Uliwaona wakizunguka na shingo zimepinda, wakinywa maji yasiyoshuka. Yule mtetea wa mwisho tulimkuta chini ya tangi la maji, na wewe ukamfunika na ndoo ili nisimwone. Nilimwona.

Yakabaki mayai. Yalikuwa jikoni kwenye beseni la pumba, yametagwa kabla ugonjwa haujafika. Uliyachora kwa penseli, upande mmoja msalaba, upande wa pili duara, ili ujue umeshageuza lipi, ukayapanga ndani ya friji lako kama mtu anayelaza watoto. Nilikuwa naiombea ile mashine. Ndani yake kulikuwa na kitu cha mwisho cha mama yako kinachoweza kutembea.

Baada ya siku chache uliniita. "Baba, joto limepita. Taa hazizimi."

Nilichukua bisibisi, nikaligonga lile boksi la buluu la rilei kwa mpini. Ta. Globu zikazima.

"Kwenye lori huwa tunafanya hivi," nikasema.

"Lakini baba, kwa nini ilishika?"

"Si imeshaachia? Ukianza kufungua fungua hapo mayai yatapoa."

Uliuliza swali lililotakiwa kuulizwa, nami nikakujibu kama mtu anayetaka kwenda kunywa chai. Nimegonga rilei nyingi maishani mwangu. Nimegonga, zikaachia, nikaondoa gari, na zikishika tena nagonga tena. Kwenye lori taa ikigoma kuzima unaua betri tu. Humo ndani kulikuwa na mayai yenye mishipa.

Nilikuwa Manyoni uliponipigia. Ulikuwa umetoka mjini kufuatilia karatasi zako za chuo, na ulipofungua mlango ulikutana na harufu. Ulisema, "Baba, yamepikika," ukakata simu. Nilipofika nyumbani nilikukuta umeziba dirisha kwa kanga, una tochi, unamulika yai moja moja. Uliendelea kumulika hata nilipoingia. Nilichungua yale mawili matatu uliyonionyesha. Mishipa ilikuwepo, imetandaa kama mizizi, na katikati kile kijidoa cheusi ambacho siku mbili nyuma kilikuwa kinarukaruka. Hakikuruka. Tukayafukia nyuma ya nyumba, wewe unachimba, mimi nayapanga, kama vile ingekuwa na maana yamelaliaje.

Ukaifunika mashine kwa shuka, ukasema hutagusa tena umeme.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakifanya siku zile ulizoniona nimeinamia friji lako na kuguna. Nilikuwa natafuta kosa, lakini natafuta lile nililolitaka mimi. Nilitaka kosa liwe la umeme. Siku hizo ulikuwa unapanda na kushuka, mtaa mzima unalalamika, na nikajiambia, bila shaka ndio huo. Umeme hauna uso. Hauwezi kukaa na mtu mezani akashindwa kuutazama. Nilipoona umeme haueleweki nikataka liwe la kipima joto, maana nacho kilitoka dukani, hakikutengenezwa na mtu wa humu ndani. Nikanunua kingine. Nikabadilisha na chaja inayolisha saketi. Nikabadilisha na nyaya mbili ambazo sikuzipenda sura. Mashine ikafanya kazi nusu siku, nikafurahi peke yangu, kisha globu zikagoma tena kuzima.

Ulikuja ukasimama mlangoni. Ulikuwa hujanisemesha tangu asubuhi.

"Umebadilisha nini, baba?"

"Kipima joto. Na chaja. Na hizi nyaya."

"Vyote kwa pamoja?"

"Ndiyo."

"Sasa ikipona utajuaje kilichokuwa kinaumwa?"

Nikaweka bisibisi chini. Ukavuta kiti. Nilijisogeza ili upate nafasi, na kwa muda mfupi, Nyemo, nilikuwa na furaha ambayo haikuwa mahali pake.

"Chomoa waya wa amri," ukasema. "Huo wa njano, unaotoka kwenye saketi kwenda kwenye rilei."

Nikachomoa. Ile taa ndogo nyekundu ya rilei ikazima. Globu zikaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeona? Hakuna anayeiambia iwake. Kipima joto hakihusiki, programu haihusiki. Imeshika yenyewe."

Ulizima ukutani, ukachomoa na plagi kabisa, ukanionyesha kwa kidole kwamba imechomoka, ndipo ukashika mita yako ya kupimia umeme. Uliweka sindano mbili kwenye skrubu ambazo umeme wa globu hupitia. Mita ikalia piii. Ukaniambia hapo ilitakiwa inyamaze, kwa sababu swichi iliyozimwa haipitishi kitu. Kisha ukachukua bisibisi ukaligonga boksi kidogo kwa mpini, kama nilivyofanya mimi. Mita ikanyamaza.

"Ndivyo ilivyokuwa siku ile," ukasema. Hukusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali ungekasirika.

Ukapasua kifuniko kwa kisu. Ndani mlikuwa na ulimi mwembamba wa shaba na vidoa viwili vinavyokutana, vidogo kama punje za ulezi. Vilikuwa vyeusi. Kimoja kilikuwa kimeyeyuka na kuvutika kama nta, na ndicho kilichokuwa kinamng'ang'ania mwenzake. Nilidhani tumemaliza. Nikasema kumbe ilikuwa mbovu tangu dukani, nikaanza hata kumlaani aliyeiuza.

Wewe ulitikisa kichwa. "Haifi haraka hivi, baba. Kuna kitu kimeichosha." Ukafungua kompyuta, ukaitazama programu yako. Hukuisoma kwa muda mrefu. Ulikuwa unajua unachokitafuta na kilipo.

Ndipo ukasema, "Nimeiua mimi."

Ukanieleza huku umetazama ukuta. Kwamba mwanzo ulikuwa umeweka nafasi: taa ziwake joto likishuka hapa, zizime likipanda mpaka pale, ili rilei ipumzike katikati. Kwamba mama yako alikuwa analalamika. Ukitoka shuleni anakuuliza, "Mbona leo imekaa kimya? Nilidhani imekufa." Kwamba ukaona atakuwa anashinda peke yake akisikiliza ukimya, basi ukaiondoa ile nafasi. Taa zikawa zinawaka na kuzima kwenye joto lile lile, ta ta ta, kutwa nzima, na kila mlio ni cheche juu ya vile vidoa. Na kwamba alipofariki ulijua kabisa inabidi uirudishe.

"Sikuweza, baba. Nilikaa mara nyingi kuirudisha, nikashindwa."

Mimi nikasema, "Sawa." Nikatoka nje kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Lile la kwamba umeiua wewe ndilo neno ninalolijibu leo.

Jibu langu si kwamba si wewe. Ungejua kuwa nasema uongo, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kupima. Nafasi iliondolewa na wewe. Rilei iliposhika mara ya kwanza, mimi niligonga nikaenda zangu. Yote mawili yapo kwenye vile vidoa, na hata nikiyageuza vipi hayaondoki. Mayai yalikufa kwa mkono wako na wangu, na kila mmoja wetu alikuwa na nia njema.

Lakini kuna jambo hulijui, kwa sababu mama yako aliniambia nisikuambie. Nadhani sasa angeniruhusu.

Siku moja mzigo wangu uliahirishwa, nikarudi nyumbani mchana bila kutegemewa. Nilimkuta amelala ubavu, uso ameuelekeza sebuleni. Nikataka kumsalimia, akaniinulia mkono.

"Subiri kwanza. Nasikiliza."

Nikasikiliza na mimi. Mashine yako ilikuwa inasema bila kupumzika.

"Juzi nilimwambia Nyemo inanyamaza sana," akasema. "Unaona alichofanya? Imekuwa na maneno kama yeye alivyokuwa mdogo. Hajaniambia kitu, na wewe usimwambie nimejua. Ataona aibu."

Halafu akalala. Siku hizo usingizi ulikuwa umemkimbia, hasa mchana, maumivu yalipomzidi. Siku hiyo alilala mpaka uliporudi. Mimi nilikaa kwenye kiti pale mlangoni, sikuwasha redio.

Alijua, binti yangu. Alijua siku ile ile.

Sikuelezi haya ili yafute yale. Hayafutiki. Nilikwenda Kondoa mwezi uliopita. Nilikuambia nina mzigo, lakini nilikwenda kwa wajomba zako kuuliza kama wamebakiwa na vishingo. Kideri kilipita na kwao. Mjomba wako mkubwa alinitembeza uani, banda limekuwa stoo ya mahindi. Akataka kunipa kuku wa kisasa, weupe wale, nikamshukuru, nikasema lori limejaa. Uzao ule umekwisha. Nimesimama pale ulipoanzia nikaona umekwisha, na sidhani kama kuna mahali pengine pa kwenda kuuliza.

Nilikuwa nafikiri tukishajua tu kilichotokea, tutapumua. Tulijua, na nyumba ikawa nzito kuliko kabla. Hilo sikuwa nalijua, pamoja na umri wangu. Kwa mama yako nimekuwa nafanya hivyo hivyo tangu azikwe. Natafuta siku ambayo tungemwahisha hospitali na mambo yakawa mengine. Nikiipata, naona kulikuwa na nyingine nyuma yake, halafu nyingine. Juzi nilipokuwa naendesha kurudi nilijikuta kwa mawazo nimerudi nyuma mpaka kabla hatujaoana. Hapo nikacheka mwenyewe, kisha nikasimamisha gari pembeni, kwa sababu hakikuwa kicheko tena. Sasa sitafuti tena kila siku. Ni hivyo tu, siwezi kusema nimeacha.

Shangazi yako amenidokeza kwamba ukifika chuoni utaomba ubadilishiwe kozi, uache umeme uende uhasibu. Usimkasirikie, alisema kwa kukuhurumia. Kama uhasibu unakupendeza, nenda, sitakuwa na neno. Ila kama unachokimbia ni kile kisanduku cha buluu, nikuambie nilichokiona mimi: niliukimbia msiba wa nyumba hii nikaenda mpaka Nzega, na nilipozima injini nilikuwa nao kwenye kiti cha pembeni. Umbali haukunisaidia. Kilichonisaidia kidogo ni siku ile ulipovuta kiti ukaniambia nichomoe waya mmoja tu, tuangalie.

Najua ulishaweka rilei mpya na nafasi ukairudisha. Najua pia uliongeza swichi ya kukata umeme joto likipita kiasi, uliyoitoa kwenye pasi iliyoungua. Ulifanya nilipokuwa safarini, kisha ukaifunika tena shuka bila kuiwasha hata mara moja. Niliona nyaya mpya.

Leo ulipotoka tu, Mama Chiku wa nyumba ya pili alikuja na bakuli la mayai limefunikwa kanga. Nao walipoteza kuku wote. Amepata mitetea kwa dada yake, hawataki kuatamia.

"Baba Nyemo," akasema, "ile mashine ya mtoto bado inafanya kazi?"

Nilitaka kumwambia hapana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwambia sijui, aniachie.

Nikatoa shuka. Nikaichomeka. Nimekaa nayo tangu saa zile, ndio maana barua hii ina mahali pengi nilipokata nikaanza upya. Taa huwaka, zinakaa, zinazima, halafu kunakuwa na kimya kirefu kabla hazijawaka tena. Mara mbili niliinuka kwenda kuangalia kama imekufa. Joto limesimama pale ulipoliandika. Basi nikayapanga mayai yake, nikayachora msalaba na duara kama ulivyokuwa unafanya. Ni ya kuku wa kawaida, hayana habari yoyote na sisi.

Nimemwambia tajiri mwenye lori sitasafiri mpaka wiki tatu za mayai haya ziishe. Nitakuwa nayageuza mwenyewe. Sijui kama yataanguliwa, nimejifunza kutosema.

Yakianguliwa nitakupigia simu. Yasipoanguliwa, nitakupigia vilevile.

Baba yako